Pasheni za Semina

Sokoni Mawenzi walimwita Mama Semina, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa nalo, Magreth. Alikuwa mnunuzi wa vyakula katika hoteli ya mzee Abdulatif, ile ya ghorofa mbili iliyoko upande wa milimani. Kama unadhani kazi ya mnunuzi wa hoteli ni kushika kikapu na kubonyezabonyeza nyanya, kaa hapa kidogo nikuambie.

Morogoro ni mji wa semina. Mtu wa Dar hataki kwenda mpaka Dodoma, mtu wa Dodoma hataki kushuka mpaka Dar, basi wanakutana hapa katikati. Wanajifungia wiki nzima kwenye ukumbi wenye viyoyozi, wanabandika makaratasi ukutani, saa nne chai, saa saba bufee, saa kumi chai tena, utadhani walikuwa wanalima. Na wote hao lazima wale. Sasa, anayeamua Magreth anunue nini si Magreth, wala si shefu, wala si mzee Abdulatif mwenye hoteli yake. Ni mtu fulani asiyemjua, amekaa ofisini kwake huko mbali, ameamua mwezi huu wauguzi wa mikoa kadhaa wafundishwe jambo. Mtu huyo akigonga muhuri, mayai yanapanda bei Morogoro nzima. Akighairi, kabichi zinaozea Mlali kwenye magunia, na mkulima anabaki kumlaumu mchuuzi wa watu.

Magreth alilijua hilo vizuri. Alianza hotelini kwa kuosha vyombo, akapanda taratibu mpaka akakabidhiwa ununuzi. Siku za neema akiingia sokoni, wauza mboga waligombania kumsalimia. Akichukua vitunguu vya mtu, mtu huyo alifunga biashara mapema akaenda zake nyumbani. Na yeye, tusidanganyane, alikuwa anajisikia. Alitembea katikati ya mafungu ya nyanya kama mama mkwe anayekagua jiko la mkwewe.

Kisha ukaja mradi mmoja wa afya wa wafadhili wa ng'ambo, na mradi huo ulikuwa na masharti yake. Soda marufuku mezani, kwa sababu walikuwa wanafundisha habari za kisukari na wangeonekana watu wa ajabu. Walitaka juisi ya matunda, tena juisi ya pasheni, kwa kuwa mkubwa wao mmoja aliionja siku moja akaisifia. Tena wakataka hoteli inunue matunda moja kwa moja kwa akina mama wakulima, siyo kwa walanguzi. Meneja wa hoteli, Erick, kijana mpole anayetembea na simu mbili, akaja jikoni akauliza, "Nani anawajua akina mama wakulima?"

Magreth akajibu kabla hata meneja hajamaliza. "Mimi ninao. Nyumbani kwetu."

Nyumbani kwao ni kijiji kilichoko mlimani, juu ya Matombo, ukishaipita misheni unaanza kupanda kwa miguu. Huko ardhi ni ya ukoo, na ukoo wa Mluguru unatoka kwa mama. Baba yako ni mgeni mwema aliyekuja kuoa, mheshimu, mpishie, lakini habari za shamba kamuulize mjomba. Mjomba wa Magreth anaitwa Thobias, mzee mwembamba asiyeinua sauti, ambaye watu wanamwogopa kwa sababu moja tu, kwamba hasemi uongo hata wa kumfurahisha mtu. Ukimuuliza kama mtoto wako mchanga ni mzuri, atamtazama vizuri kwanza.

Magreth alipanda huko masika yalipokuwa yanakaribia, na zawadi ya sukari na mchele.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

"Nimekuja na maneno, mjomba. Ila njaa nayo ipo."

Basi kwanza akalishwa. Rosa, mtoto wa mama yake mkubwa, ambaye walikua naye kitanda kimoja, akakata mkungu nyuma ya nyumba, akapika ndizi mzuzu kwa nazi. Shamba lile la ukoo lilikuwa limejaa migomba kutoka mlangoni mpaka bondeni. Mizuzu, mishale, kisukari, yote ilipandwa na bibi yao, na bibi alipofariki ikaendelea kuzaa kama vile hakuna aliyeipa taarifa. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulala njaa, na hakuna aliyewahi kununua ndizi. Kununua ndizi! Ungesema hivyo pale kijijini wangekucheka mpaka wakae chini.

Baada ya kula, Magreth akatoa maneno yake. Wang'oe migomba, wapande pasheni. Hoteli itachukua zote. Kutakuwa na gari la kuja kuzifuata. Akina mama wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakisikiliza, na macho yao, nakuambia, yalikuwa yanang'aa.

Mjomba Thobias aligeuka akaitazama migomba. "Hao watu wa semina," akasema, "wakiacha kuja?"

"Hawawezi kuacha, mjomba. Wafadhili hao wana miaka na miaka hapa nchini. Semina haziishi."

"Mimi nauliza wakiacha. Ndizi nikikosa mnunuzi nakula. Hizo pasheni nitazifanyaje, nitazisonga ugali?"

Watu wakacheka, na Magreth akaona aibu, ile aibu ndogo ya kuchekwa kwenu baada ya kuzoea kusujudiwa sokoni. Hapo ndipo alipoteleza. Angesema, basi mjomba, tung'oe kipande tuone. Hakusema hivyo. Alisimama katikati ya mikeka akasema, "Naapa kwa tumbo la mama yangu. Siku hoteli isipotaka, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuwaambia. Hamtasikia kwa mtu mwingine."

Kwa watu wa tumbo moja kiapo hicho hakina mjadala. Mama yake alikuwa amezikwa pale pale, upande wa chini wa nyumba. Mjomba akamtazama, kisha akainuka akaenda kuchukua panga. Aliukata mgomba wa kwanza kwa mkono wake, ili asije mtu akasema alilazimishwa. Rosa akalia kidogo ulipoanguka ule mkubwa wa karibu na mlango, halafu akajicheka mwenyewe, akafuta machozi kwa khanga. Kwa siku chache shamba lote likawa jeupe. Jirani yao mmoja tu, Abeid mwenye duka, aliyebakiza migomba yake ng'ambo ya njia, alisimama akitazama akasema, "Haya, wenzetu mmekuwa watu wa juisi."

Mradi ukaleta mpiga picha. Wakapangwa wote mbele ya miche, mjomba katikati na kofia yake ya Jumapili, akina mama pembeni, Magreth mwishoni akitabasamu meno yote. Mzee Abdulatif akaipenda picha ile mno. Akaikuza, akaitia kwenye fremu, akaitundika mapokezi, na chini yake ikaandikwa: Matunda yetu yanatoka kwao.

Mipasheni ikakua. Ikatambaa kwenye waya, ikatoa maua wakati wa vuli, na mpaka Krismasi tunda bichi lilikuwa linaning'inia kila mahali. Magreth alikwenda sikukuu ile akatembezwa shambani kama bibi harusi. Kamba ya kiatu chake ilikatika kwenye mteremko, mjomba akakaa kwenye kigogo akaishona mwenyewe kwa uzi mwekundu wa nailoni, maana mweusi hakuwa nao. "Sasa kila mtu atajua hiki ni cha Magreth," akasema.

Mwaka mpya ukaanza. Kabla Januari haijaisha, ng'ambo huko mtu akatia saini karatasi. Wewe na mimi hatumjui, wala yeye hajui Matombo iko wapi. Ila fedha zikasimama. Erick alikuja jikoni na simu zake mbili, uso umembadilika, akasema semina ya Jumatatu imefutwa. Na ile ya wiki inayofuata. Na zile za mwezi mzima. Watu wa mradi wakafunga ofisi, wakabandua stika kwenye magari. Wale wengine, wa serikali, treni mpya ya Dar na Dodoma ilikuwa imeshawazoeza kupita Morogoro wakiwa wamesinzia. Ukumbi ukafungwa. Shefu mkuu akaagwa kwa keki, wapishi wengine wakaagwa bila keki. Magreth akabakizwa, kwa sababu hata wageni wachache lazima wale kitu.

Sokoni sasa alikwenda na mfuko mmoja wa nailoni. "Mama Semina, leo fungu moja tu?" walimtania, na yeye akacheka nao, halafu akarudi kwa njia ya nyuma ili asipite kwa wauza vitunguu.

Hapo ndipo angepiga simu. Simu anayo, salio analo, na mtandao wa kule unashika vizuri ukisimama upande wa misheni. Maneno yenyewe ni machache: mjomba, semina zimekufa, tafuteni soko lingine. Muda ulikuwepo. Pasheni zilikuwa bado mbichi, wangetafuta wachuuzi wa Dar mapema, wangeanza kurudisha migomba pembeni. Lakini kila alipoishika simu alijiona amesimama katikati ya ile mikeka, mkono juu, akiapa. Akajiambia ngoja kidogo, huenda watarudi. Erick naye alikuwa anasema watarudi tu. Mtu anayetaka kudanganywa hakosi wa kumsaidia.

Mjomba ndiye aliyepiga. "Mama, matunda yanaanza kugeuka rangi."

"Vizuri sana mjomba. Endeleeni kuyatunza."

"Gari litakuja lini?"

"Nitawaambia, mjomba. Kuna... kuna mambo kidogo ya gari."

Safari nyingine gari likawa gereji. Safari nyingine dereva akawa mgonjwa. Dereva mwenyewe alikuwa amepunguzwa siku nyingi na sasa anaendesha bodaboda Msamvu, mzima kama chuma. Magreth alikuwa akikata simu anakaa chini, anajisema kwa sauti, "We Magreth, we mwanamke, una nini?" Halafu hafanyi kitu.

Kisha mvua zikaanza, na hapa nataka unisikilize vizuri, maana jambo hili hakumwambia padre. Aliomba barabara ikatike. Alilala akisikiliza mabati yakipigwa, akaomba Mungu alete maji mengi, lile daraja dogo la kuelekea Matombo liondoke, ili iwe mvua ndiyo iliyovunja ahadi na siyo yeye. Na daraja likaondoka kweli. Alisikia habari hizo kanisani Jumapili. Kifua chake kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Januari, akasema moyoni, asante Baba. Dakika ile ile padre akaomba waumini wawaombee watu waliokatiwa njia, akataja mama mjamzito aliyebebwa kwenye machela kuvushwa mtoni. Kanisa zima likaitikia. Magreth akainamisha kichwa, mdomo ukakataa kufunguka. Alitoka nje kabla ya baraka ya mwisho, akasimama ukutani kwenye mvua, akajichukia.

Jioni ile akampigia mjomba, sauti ya huzuni tele. "Mjomba, nimesikia habari za daraja. Basi tena, gari haliwezi kupita."

"Ndiyo, tumeona," akasema mjomba. "Usijali, mama. Hilo la kwetu."

Angeuliza maana yake nini. Hakuuliza. Alifurahi tu kwamba simu imekwisha.

Katikati ya wiki, mchana, manyunyu yakidondoka, alikuwa ndani ya stoo akipanga mifuko michache ya mchele. Shadia wa mapokezi akaja akachungulia. "Dada Magreth, una wageni. Wale wa kwenye picha."

"Wa kwenye picha gani?"

"Hiyo yetu ya ukutani. Wamekuja wenyewe, na kigari cha kirikuu kimejaa matenga. Wamelowa hao, jamani, mpaka viunoni. Wanasema walivuka maji na mizigo kichwani, upande wa pili ndiyo wakapata gari."

Neno lililomtoka Magreth, Mungu amsamehe, ni hili: "Waambie nimetoka."

Shadia akamtazama. Ni binti aliyelelewa vizuri, hakuuliza. Akaondoka.

Magreth akarudishia mlango wa stoo, akakaa kwenye gunia la mchele pembeni ya friza lililozimwa kwa kubana umeme. Dirisha la stoo lina vioo vya kulala, linatazama uani, pale mizigo inapopokelewa. Kirikuu ikaingia uani. Akaona matenga yakishushwa, yamefunikwa kwa majani ya mgomba, majani ya kwa Abeid bila shaka, maana wao hawakuwa nayo tena. Harufu ya pasheni mbivu ikaingia mpaka stoo. Akamwona Rosa akikamua pindo la khanga. Akamwona mjomba Thobias amevaa ile kofia ya Jumapili.

Erick akatoka, mpole kama kawaida yake. "Karibuni wazee. Lakini samahani, hii mizigo ni ya nani? Sisi hatujaagiza. Hoteli haina semina tangu Januari. Hatununui matunda sasa hivi, labda machache ya chai." Kisha akauliza lile swali. "Magreth hakuwaambia?"

Magreth aliziba mdomo kwa kiganja. Alisubiri mjomba aseme lile analolisema siku zote, yaani ukweli. Alitaka hata aseme, ili limalizike.

"Alituambia," akasema mjomba Thobias. "Alituambia zamani sana, bosi. Sisi hatukuja kuuza. Tumekuja kumsalimia mtoto wetu, na hayo ni matunda yake, ale na wenzake hapa."

Erick akayatazama matenga. "Yote haya, mzee?"

"Kwetu ndivyo tunavyosalimia."

Rosa akageuza uso. Akina mama wengine wakatazama chini, halafu mmoja mmoja wakaanza kuitikia, ndiyo, tumemletea mwanetu, ndiyo, ni zawadi. Wanawake waliobeba tenga kichwani wakavuka mto uliovunja daraja, wamesimama uani na nguo zinachuruzika maji, wanasema ni zawadi. Magreth akalia bila sauti.

Angetoka sasa. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Akabaki pale pale juu ya gunia.

Walipewa chai, wakanywa wamesimama. Kisha wakaanza kuondoka, na njia yao ikapita mbele ya mlango wa stoo. Pale mlangoni kuna sharti la bwana afya: viatu vya nje vinabaki nje, ndani unaingia na kandambili nyeupe za hoteli. Viatu vya Magreth vilikuwa pale nje vimenyeshewa, kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Kupitia upenyo wa chini ya mlango akaona miguu ya mjomba imesimama. Aliiona imesimama sana. Kisha akauona mkono wake umeshuka, ukaokota kiatu kimoja, ukaokota cha pili, ukavikung'uta maji, ukavisogeza ndani ya kibaraza pasipofika mvua. Hakubisha hodi. Hakuita. Akaenda zake.

Magreth alitoka stoo kirikuu ilipokwisha ondoka. Wafanyakazi walishaanza kusaga juisi, wanacheka, hawajanywa pasheni tamu namna hiyo muda mrefu. "Dada Magreth, ndugu zako wana roho nzuri, jamani!" akasema Shadia. "Walijiona kwenye picha, wakawa wanataniana nani katoka mbaya." Wakampa bilauri. Akaishika, akairudisha mezani bila kuionja.

Matenga yakabaki. Na chombo cha mtu, kwetu sisi, hakirudi kitupu. Hilo hata mtoto analijua: ukiletewa bakuli la maharage unarudisha na chumvi hata kijiko. Jumamosi Magreth akaomba ruhusa, akafunga safari. Akateremka Kiroka, akatafuta machipukizi ya migomba kwa mkulima mmoja, mzuzu na mshale, akayajaza kwenye matenga mpaka akawa hana pa kushika. Kwenye daraja lililokatika akalipa vijana wamvushie, naye akaingia majini nyuma yao, maji yakamfika mapajani, baridi, yanavuta. Katikati ya mto ndipo alipoelewa kwa miguu yake walichofanya wale wanawake.

Aliwakuta nyumbani. Hakusubiri mkeka. Alipiga magoti uani, kwenye tope, mbele ya mjomba na Rosa na wale wengine waliotokea majumbani walipomwona akipanda.

"Shikamoo mjomba. Nimekosa. Nilikuwa ndani ya stoo siku ile. Nilijua tangu Januari. Nilijua, nikawaficha, nikawadanganya habari za gari. Niliapa kwa tumbo la mama, halafu nikanyamaza."

"Marahaba," akasema mjomba.

Rosa ndiye aliyesema, na hakusema kwa hasira, afadhali angesema kwa hasira. "Sisi tulisikia redioni, Magreth. Mwezi wa pili ule. Walitangaza kwamba wafadhili wameondoka na semina hakuna. Abeid akaja mpaka hapa kutucheka."

Magreth akainua uso. "Mlijua? Sasa mbona mlivuka maji na mizigo?"

"Mjomba alimwambia Abeid redio inakosea. Alisema kama ingekuwa kweli, Magreth angekuwa ameshatuambia."

Magreth alirudisha macho chini, akayatazama maji ya tope yakizunguka magoti yake, akatamani kumwona mama yake na akashukuru kwamba hawezi kumwona.

Mjomba akaingia ndani, akatoka na jembe. Hakumpa mtu mwingine. Akampa yeye, akamwonyesha pale karibu na mlango, ulipokuwa ule mgomba mkubwa wa bibi. Magreth akachimba. Viganja vyake vilikuwa vimesahau jembe, vikachubuka upesi, akaendelea. Akina mama walimtazama kidogo, kisha mmoja akaja na jembe lake akaanza shimo la pili. Wakapanda mpaka jua likaanza kuegemea mlima. Mgomba unakwenda mwaka mzima na zaidi kabla haujazaa, na wote pale walijua hesabu hiyo.

Rosa akaita watu kula. Akampa Magreth sahani ya kwanza, kama mgeni. Zilikuwa ndizi mzuzu, kwa nazi, vile vile kama siku ile ya kiapo. Magreth akamega moja, akaanza kula kwa njaa, halafu akasimamisha mkono. Akatazama nje, shamba lote ni waya na pasheni.

"Rosa," akauliza, "ndizi mmepata wapi?"

Rosa alikuwa anamgawia mjomba, hakugeuka.

"Tumenunua," akasema. "Kwa Abeid."